Rinda la Udongo

Mami,

Kabla sijaacha shule darasa la sita, tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumuuliza mtu hali yake, halafu umwambie yako. Yako siwezi kuuliza. Yangu ni kwamba nipo. Mwanangu Wambui pia yupo, amelala kwenye kiti, mguu mmoja unaning'inia vile ulivyozoea kumwona, ndio nimepata nafasi ya kushika kalamu. Hukujua kusoma, kwa hivyo naandika huku nikisoma kwa sauti ndogo, kama nilivyokuwa nikikusomea meseji za Karanja ukikata mboga. Pahali nimekosea nyamaza tu, kama kawaida yako.

Nyumba ni ile ile, chumba cha mwisho hapa mtaa wa Mowlem, Nairobi, karibu na tangi la maji. Godoro lako nililikunja nikalisimamisha nyuma ya mlango na bado liko hapo, na kila tukifungua mlango linagonga ukuta kidogo. Nimeambiwa nimpe mtu. Sijaweza.

Kuna jambo moja sikujua lingeuma hivi. Nilimpa mtoto jina lako, na kwa desturi yetu akawa mama yangu pia, nikawa nawaita nyote wawili Mami. Nikiita mlikuwa mnaitika pamoja, halafu unacheka unaniuliza, unataka mzee ama kijana? Siku hizi nikiita anaitika mmoja. Na akishaitika, anaangalia mlangoni kama kuna mwingine anakuja.

Gunia lako la udongo, lile ulilopandia sukuma wiki hapo nje, nililiacha likakauka. Maji yalikuwepo. Kila jioni nilikuwa nalipita na mtungi begani, nikasema nitamwaga kesho. Mashina yakawa vijiti.

Lakini si hayo yaliyonifanya niandike. Nataka kukuambia kilichotokea siku tulipokuzika, kwa sababu wewe ulikuwa umelala na hukuona.

Mhubiri alipomaliza maombi wakaanza kutuita turushe udongo, watoto wako kwanza, mimi na Karanja, halafu wajukuu. Ule udongo mwekundu wa kwetu ulikuwa umerundikwa kando, umelowa. Mzee aliyeshika kipaza sauti akasema, sasa mwenye jina la mama aje. Watu wakampisha. Karanja akambeba Wambui mpaka ukingoni, akamsimamisha, akachota udongo akamtilia kiganjani. Kidogo tu, Mami, wa kutosha mkono wa mtoto.

Alipiga nduru. Aliukung'uta mkono kama umeguswa na moto, akanigeukia, akanionyesha viganja vyote viwili, analia anasema, "Mama, si mimi. Si mimi."

Na mimi, badala ya kumshika tuurushe pamoja, nikafungua mkoba nikatoa kitambaa chenye maji. Unakijua, kile sikosi kubeba. Nikampangusa kidole kimoja kimoja, mbele ya watu wote, na wewe uko pale chini unangoja. Nikasikia shangazi mkubwa akisema nyuma yangu kwamba mwenye jina amekataa kumuaga mwenzake. Hakusema kwa ubaya. Alisema vile watu husema mvua imekataa. Halafu vijana wakachukua majembe, na udongo wa Wambui ukabaki haujarushwa.

Neno hilo la shangazi lilinifuata mpaka Nairobi. Nafua, liko. Naanika, liko. Nilijiambia mtoto anaogopa udongo kwa sababu mimi nimemfundisha kuuogopa, na sasa ameshindwa kukuaga, na mazishi ni mara moja, hayarudiwi.

Wewe unajua kwa nini niko hivi. Ulikuwa naye hospitalini pamoja nami wakati ule tumbo lilimharibikia, hata mwaka hajamaliza vizuri, macho yamezama, daktari akatafuta mshipa mkononi akaukosa akamwekea dripu kichwani. Wewe ulikuwa unaomba. Mimi nilikuwa namsikiliza muuguzi, akiuliza mikono ya mtoto na ya mama huoshwa na nini. Aliuliza kama anavyouliza kila mtu. Lakini tangu siku hiyo, nikiona mtoto ameshika kitu chini, nasikia lile swali. Maji nikawa nachemsha mara mbili. Kijiko kikianguka nakiosha kama kimetoka chooni.

Halafu kuna kazi. Mama fua, mfua nguo za watu, ni mtu wa kutoa uchafu. Nikibisha mlango kule Buruburu napewa lundo, na nikiondoka kamba imejaa nguo zinazong'aa. Kola ikibaki na alama, wiki ijayo anaitwa mwingine. Sasa mtu wa kazi hiyo, na hana bwana, mtoto wake aonekane na kamasi na matope, watu watasema nini? Hapa ploti, chumba kwa chumba, hawangojei hata ufike mbali. Wataanza ukiwa bado unafunga mlango.

Unakumbuka siku niliporudi mapema? Maji yalikuwa yamepotea Buruburu, nikageuza. Nilipata mtoto amesimama ndani ya gunia lako, matope mpaka kwenye kwapa, na wewe umekaa kwenye kigoda chako umeshika tumbo kwa kicheko. Nilimnyakua. Nilimsugua kwa ile brashi yangu ya kola, mpaka akaanza kulia ile sauti ya kuumia. Ndipo ukainuka ukanishika mkono. Hukunivuta. Ulinishika tu.

"Njeri," ukasema, "huyo ni mtoto. Si nguo."

Nikakujibu vibaya. Nikasema wewe ulitulea ukitutupa shambani kama kuku. Ukasema, na si mlikua? Nikasema hapa si Murang'a, udongo wa hapa una choo cha watu ndani yake. Na hilo lilikuwa kweli, na wewe ulilijua, kwa sababu mtaro wa maji machafu ulikuwa humwachi aukaribie hata kwa bahati mbaya. Udongo wa gunia ulikuwa umeuchagua mwenyewe, ukaubeba kutoka nyumbani kwa gari ukawafanya watu wa siti ya nyuma walalamike safari nzima. Lakini nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hachagui udongo.

Kutoka siku hiyo nikawa kila nikirudi kazini nampata safi. Rinda lile lile nililomvalisha asubuhi, nywele zimechanwa, amekaa kwenye stuli anaimba. Nikafikiri umenisikia. Hata nilijivuna kidogo, nikasema mzee naye hufunzika.

Halafu moyo wako ukaanza kuchoka, miguu ikavimba, ukasema unataka kupumzikia nyumbani. Karanja alipokuja kukuchukua, pale langoni ulimkumbatia mtoto, halafu ukamvuta kando Bi Zuhura wa mlango wa pili ukamnong'onezea. Sikuuliza. Nilikuwa nashughulika na mifuko. Haukupita muda mrefu tukapigiwa simu.

Sasa sikiliza. Baada ya mazishi nilimwandikisha Wambui shuleni, hapa chekechea ya karibu. Mwalimu akaniita. Msichana mdogo, mpole, huniita mama Wambui kama mtu mzima mwenzake. Akasema watoto wakipewa unga uliokandwa wafinyange wanyama, wetu hagusi. Anasimama kando ya meza ameinua mikono juu, vidole ametanua, asiguse hata ubao wa meza. Wenzake wameanza kumwita Daktari. Alipoona sicheki, naye akaacha kucheka. Akaniambia, hapa kwangu akichafuka ni sawa, mwambie tu nyumbani.

Nilimwambia. Nilichuchumaa nikamwambia, mami, ukiwa shule unaweza kuchafuka. Aliniangalia vile watu huangalia polisi akiwasalimia vizuri.

Jumamosi tukawa tunaanika nguo na Bi Zuhura, unajua alivyo, mtu wa Mombasa, mdomo haupoi kama sufuria yake ya viazi karai. Nikamweleza mambo ya mwalimu. Nikamweleza na ya kaburini, ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

"Mwanao hajui kuchafuka?" akasema. "Huyu Wambui? Huyu huyu?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaona uso wangu. Akafuta mikono kwa leso, akaingia kwake, akatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo.

Ndani yake mlikuwa na rinda. La mtumba, la kahawia, mfuko mmoja umeng'oka, mwingine uko. Upindo wake ulikuwa na madoa ya udongo mwekundu ambayo hayakutoka. Nilijua mkono uliolifua kabla sijaambiwa. Ni wewe, kwa ile mikono iliyokuwa imeishiwa nguvu.

Bi Zuhura akasema hilo ndilo rinda la udongo. Akasema marehemu alikuwa akimvisha mara tu nikitoka langoni asubuhi. Kila siku ya kazi. Anacheza kwenye gunia mpaka jua lifike kwenye tangi, halafu anaogeshwa, anatolewa uchafu wa kucha kwa kijiti cha kiberiti, anavalishwa lile safi, anakalishwa kwenye stuli. Na rinda linalala kwake Bi Zuhura. Ploti nzima ilijua, Mami. Mpaka watoto. Mimi tu.

"Siku ile anaondoka aliniambia nikuwekee," akasema Bi Zuhura. "Akasema, siku Njeri atakapouliza, mpe. Ukawa huulizi, mwanangu."

Sitakudanganya, kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa hasira. Kudanganywa ndani ya nyumba yangu, na mama yangu, na mtoto niliyemzaa. Niliingia ndani na ule mfuko nikafunga mlango, na godoro lako likagonga ukuta. Nikakaa. Nikalishika lile rinda nikaligeuza nje ndani, vile mimi hufanya na nguo za watu kabla ya kuloweka. Na nikiwa hapo ndipo nikamsikia mtoto pale kaburini. Hakusema naogopa. Alisema si mimi. Alinionyesha viganja kama mtu anayejitetea. Alikuwa na nguo safi, udongo mkononi, na mimi nimesimama mbele yake.

Mtoto hakuogopa udongo, Mami. Aliniogopa mimi. Na hakukataa kukuaga. Alikuwa anatunza siri yenu.

Ungeniambia. Nililia nikisema hivyo, ungeniambia. Halafu nikakumbuka kwamba uliniambia, siku ile ya brashi.

Siku iliyofuata tulipotoka kanisani nilimvisha lile rinda. Halifungi tena mgongoni, ameongezeka. Alijiangalia, akashika upindo, halafu akakimbia mlangoni akachungulia nje. Akakuulizia, "Shosho amerudi?"

Nilimfuata nikachuchumaa. Nikamwambia Shosho hajarudi, Shosho alilala tukamzika, mimi ndiye nimekuvisha. Akaanza kulivua. Nikamuuliza kwa nini. Akasema bila hasira yoyote, kama mtu anayekuambia leo ni Jumapili, "Wewe utapiga kelele."

Basi nikamwambia angoje kulivua. Nilichukua mtungi nikatoka, nikaumwaga wote kwenye gunia lako. Ule udongo ulikuwa umekuwa mgumu, maji yakakaa juu, yakakataa kuingia, halafu yakaingia yote kwa pamoja. Nikapiga magoti na nguo zangu za kanisa, nikaingiza mikono yote miwili. Mikono hii unaijua ilivyo, sabuni imeila, vidole vina nyufa. Iliwasha. Halafu baridi ile ikaingia kwenye nyufa na kukawa na harufu ya kwetu asubuhi ya kupanda, na wewe mbele yangu umeinama na jembe, unaniambia nisikanyage mstari.

Nikangoja. Bi Zuhura alikuwa mlangoni kwake anamenya viazi. Aliacha kisu kwenye kiazi, akatuangalia.

Wambui alikuja mikono nyuma ya mgongo. Alinigusa mkono kwa kidole kimoja, kwenye matope, akaniangalia usoni. Akachora mstari. Akaniangalia usoni. Sijui uso wangu ulikuwa unafanya nini. Najua ndani nilikuwa nafikiria minyoo, nafikiria dripu, nafikiria lile swali la muuguzi, na nilikuwa nimeuma ulimi. Akanipaka mpaka kwenye kiwiko. Akanipaka shingoni. Halafu akaingiza mikono yake yote, akacheka.

Nilikuwa sijawahi kukisikia kicheko hicho. Anacheka siku zote, lakini si kile cha kutoka chini kabisa tumboni. Hicho ndicho kicheko ulichokuwa unakisikia wewe kila siku, mimi nikiwa Buruburu natafuta doa la kutoa. Nilikuonea wivu, Mami. Nilikuonea wivu na ukiwa ulipo.

Alicheza akachoka, akachota udongo ngumi nzima, akaja akaufungua mbele ya macho yangu.

"Huu ndio ule wa Shosho?"

Nikasema ndio. Ndio huo, wa kwetu, kama ule wa kaburini.

Akaufikiria. Nilidhani ataurusha hapo hapo kwenye gunia, na moyo wangu ulitaka aurushe yaishe. Lakini yeye akasema, "Tumpelekee." Akautia kwenye ule mfuko wa rinda uliobaki, akaupigapiga kwa juu usitoke.

Usifikiri nimebadilika kabisa. Bado nachemsha maji. Mtaro akiukaribia nitaita mpaka watu watoke nje. Kabla ya kula mikono ni sabuni na maji yanayotiririka, na hilo hata wewe hukuwahi kubishana nalo. Kuna siku tumbo lilimsumbua nikalishika lile rinda nikatafuta kiberiti. Lakini nikaliweka chini kwanza nikampeleka kliniki, wakampa dawa ya minyoo, muuguzi akasema rudini nyumbani, mtoto hana neno. Kesho yake akaniuliza kama anaweza kwenda kwa gunia. Nilisema ndio. Neno hilo lilitoka kama mfupa, lakini nilisema.

Mwalimu anasema jina la Daktari limeisha. Juzi watoto walifinyanga nyoka, nyoka, nyoka, meza yote nyoka. Yeye alifinyanga gunia.

Sukuma zako hazikushika tena. Nilimwaga maji wiki nyingi, nikafikiri labda shina moja litatoa jani. Hakuna. Zilikufa nikiziangalia na nimeyang'oa mashina yote. Kilichobaki ni udongo, na mtoto anauchimba kama anatafuta kitu. Siku nyingine naona kweli anatafuta, na sijui nimwambie nini.

Lile rinda halijafuliwa. Wewe unajua kazi yangu huanzia mfukoni. Kabla nguo haijagusa maji lazima nitoe kila kitu, sarafu, tiketi, karatasi ya peremende. Sijawahi kuloweka nguo ya mtu na kitu ndani. Katika huu mfuko sitoi kitu. Udongo umekauka humo ndani umekuwa kidonge kigumu, nikilibeba nausikia unagonga paja. Mambo ya madoa kwenye upindo, dawa yake ninayo. Imekaa kwenye dirisha. Itakaa.

Shule zikifungwa tutakuja. Karanja amesema kaburi limeshuka kidogo na mvua, udongo unahitaji kuongezwa. Nimemwambia atungoje. Kwenye soko la mitumba la Gikomba nimeshamtafutia rinda lingine, kubwa kidogo, la rangi ile ile, na hilo la zamani atalibeba mkononi. Atasimama pale pale aliposimama, atatoa wa mfukoni auangushe, na akitaka kuchota na wa kwetu kwa mikono miwili, achote. Akitaka kukaa chini, akae. Shangazi nimemwambia aje, aone mwenye jina akimuaga mwenzake. Mimi nitasimama mahali ataniona vizuri usoni. Mkoba nitabeba. Kitambaa nitakiacha hapa, kwenye msumari.

Nakuahidi hilo. Mengine ya kulea siwezi kukuahidi, kwa sababu mimi ni mtu wa hofu na wewe hauko tena wa kunishika mkono. Lakini nikimsugua kwa nguvu siku hizi, mkono wangu unasimama wenyewe. Nadhani ni wewe.

Pumzika, Mami. Anageuka kwenye kiti, karibu ataamka aniite. Alilala akitoka kwenye gunia, na miguu yake iko na matope mpaka magotini, yamekauka yanadondoka sakafuni niliyoipiga deki asubuhi. Nitaiosha akiamka.

Si sasa.

Ni mimi, Njeri wako.